Kile Kipande cha Saa

Ndeshi mama,

Mambo ya sweta, ya kutokula vya njiani na ya kumpigia mjomba wako ukifika Dodoma nimeshakwambia kwa mdomo mpaka umechoka, sitayarudia. Karatasi hii ni ya jambo moja ambalo mdomo wangu umelishindwa. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga pasi, mara ya pili tulikuwa tunamenya ndizi, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama umechaji simu.

Jumamosi ulikuwa nyuma ya nyumba unaongea na mwenzako wa chuo. Mimi nilikuwa naanika nguo upande wa pili, sikuwa nimekuja kukusikiliza. Nikakusikia unamwambia, "Mimi na mifumo ya kompyuta basi. Niliwahi kuvuruga zahanati nzima, watu wakaumia. Bora huko Dodoma nipokee simu za wateja, mtu akinitukana nakata simu." Ukacheka. Mwenzako naye nadhani alicheka. Mimi nikabaki na shuka mkononi, maji yananitiririkia miguuni.

Hukuvuruga zahanati. Unajua hukuvuruga, kwa sababu ulikuwepo, na mimi nilikuwepo. Lakini uongo wangu nimeuacha ukae humu ndani na sisi, tukaupikia, tukaulalia, mpaka umeanza kuutamka kama wa kwako. Hilo ndilo linaloniandikisha.

Unajua nilikotoka, ila siku zote nimekusimulia kwa majivuno. Leo nakusimulia bila hayo.

Pale steshenari ya Sombetini nilikuwa napiga fotokopi, nalaminetisha vyeti vya watu na kuwachapia barua za kuomba kazi. Saa ambazo hakuna mteja nilijifunza kuandika programu kwenye kompyuta ileile. Hakuna aliyenifundisha, na waliojua hawakunificha dharau yao. Kijana mmoja wa chuo niliyemwomba anieleze jambo dogo aliniambia, "Mama, hii siyo kulaminetisha." Nilimshukuru, nikarudi kulitafuta mwenyewe, nikalipata. Sijamsahau sura.

Zahanati ile ya mlimani ilikuwa na mfumo ulioletwa kutoka Dar na vijana wa mashati yaliyonyooka. Ulikuwa unamtumia mgonjwa meseji ya kumkumbusha siku ya kliniki, unamwambia afike saa 9:00. Naye anafika saa tisa alasiri, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Manesi wanakuwa wameshafunga. Sista Witness, yule nesi mkuu, alikuja steshenari kutoa fotokopi akawa analalamika mwenyewe: "Hivi hawa walifikiri sisi tunaamka saa saba ya mchana?" Nikamwambia nitamtengenezea mfumo unaozungumza kama sisi. Akanitazama juu mpaka chini, halafu akasema, "Haya mama, jaribu."

Unajua mfumo hauandikwi na mtu mmoja. Unaandika chako, na kilichobaki unachukua vipande walivyoandika watu usiowajua, wakavitoa bure. Kulikuwa na kipande cha tarehe na saa, kazi ya mtu fulani wa huko mbali, kizuri sana. Tatizo kilihesabu saa kizungu. Kitu cha busara kilikuwa kukiacha kama kilivyo, kisha pembeni niandike changu kidogo cha kupunguza saa sita na kuongeza neno asubuhi au jioni. Mimi sikufanya hivyo. Nilikifungua, nikaingia ndani ya kazi ya mtu, nikabadilisha palepale, kama mpangaji anayevunja ukuta wa mwenye nyumba ili apate dirisha. Dirisha lilipatikana. Meseji zikaanza kutoka: "Fika kesho saa 3 asubuhi." Sista Witness alinikumbatia mbele ya wagonjwa.

Hapo ndipo nilipofungwa, mwanangu. Kile kipande kikitolewa toleo jipya, nikikisasisha, dirisha langu linafutika. Kwa hiyo sikukisasisha. Na kwa kuwa vipande vinashikana, hiki kinakitegemea kile na kile kinakitegemea kingine, sikusasisha chochote. Bando lilikuwa ghali, nikashusha kila kitu mara moja kwenye ile diski nyekundu, na kila zahanati iliyonipa kazi nikaenda na diski nikamwaga yaleyale. Zahanati saba. Nilikuwa nasema kwa sauti kubwa kwamba mfumo wangu hauombi mtandao. Mpaka leo nikikumbuka nilivyokuwa nasema, masikio yanawaka.

Na nisikufiche, kulikuwa na kinyongo pia, na bado ninacho. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kunilipa kwa siku ambayo hakuna kilichoharibika. Mzee Anaeli, mwenyekiti wa kamati, nilimwomba fungu la matengenezo akaniuliza, "Mfumo si unafanya kazi? Sasa unatengeneza nini, afya yake?" Wajumbe wakacheka. Nikajiambia, basi, kama hawanilipi kuutunza, siutunzi. Niliiona ni haki. Sikufikiria kwamba wanaokaa ndani ya ule mfumo siyo Mzee Anaeli na kamati yake.

Halafu zahanati ya mlimani ikaingiziwa mtandao, na daktari akataka awe anaona taarifa akiwa mjini. Nikamfungulia mlango wa nje, kazi ya siku moja, nikasifiwa. Kilichokuwa chumba cha uani kikawa duka la barabarani, na kufuli ni lilelile la chumba cha uani.

Ukarudi wewe kutoka chuo. Ulikaa na ile kompyuta yangu kama wiki hivi, kisha ukanijia jikoni na simu mkononi. Ukaniambia kipande kinachopokea wageni wa mtandaoni kina tundu la kupitia wezi, limetangazwa zamani, na waliokiandika wameshatoa toleo lililozibwa. Ukanisomea lile tangazo, mstari kwa mstari, ukinitafsiria kwa maneno ninayoyajua. Nilikujibu nini? "Koroga ugali usiungue."

Ukafanya mwenyewe. Ukasasisha kile chenye tundu, nacho kikadai kipande kipya cha saa, ukasasisha na hicho. Hukujua kuhusu dirisha langu. Ungejuaje? Sikuliandika popote, sikumwambia mtu. Nilikuwa naona haya kidogo na kujivuna kidogo, na vyote viwili vilinifunga mdomo.

Ilikuwa siku ya wajawazito. Meseji zikatoka: "Fika saa 9:00." Unakumbuka tulivyopigiwa simu tukapanda mlima, tukawakuta kwenye benchi, kina mama na matumbo yao, jua limeshaanza kulala. Mmoja alikuwa ameteremka kutoka karibu na msitu, viatu vimejaa tope. Na yule mume aliyevaa kofia ya sufu akasema, "Tumekuja saa tisa kama mlivyoagiza. Au mlitaka tuje na magodoro?"

Nilikugeukia mbele yao wote.

"Nani amekwambia uguse?"

"Mama, kuna tundu. Nilikuonyesha."

"Tundu gani? Mwizi atoke Ulaya aje kutafuta nini kwenye zahanati yenye vitanda sita?"

Ukanijibu taratibu, "Hatafuti zahanati, mama. Anapita mlango kwa mlango anasukuma. Wa kwetu ndio utakaofunguka."

"Rudisha."

"Nipe siku mbili. Nitaitoa hesabu yako ya saa humo ndani, niiandike pembeni, tubaki na vyote viwili."

"Siku mbili wajawazito waje saa tisa?"

Sikukupa hata saa mbili. Nilichomoa diski nyekundu kwenye mkoba, nikaketi kwenye kiti cha mapokezi, nikarudisha vya zamani vyote. Meseji zikanyooka. Yule mwenye kofia akasema, "Sasa huyu ndiye fundi." Nikateremka mlima nimetunisha kifua, wewe nyuma yangu umebeba mkoba.

Kabla masika hayajaisha watu walikuwa wameshaingia. Hawakuharibu kitu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mpaka leo sijaizoea: mfumo uliendelea kufanya kazi vizuri kabisa. Walichukua tu majina na namba za wale wa Jumatano. Kule mlimani huhitaji kumweleza mtu Jumatano ni kliniki ya dawa gani. Wakaanza kuwatumia meseji mmoja mmoja: tunajua unachofuata kila Jumatano, tuma hela ama jirani zako watajua.

Mama Aikande, yule anayeuza ndizi Maji ya Chai, simu yake ilikuwa mezani, meseji ikasomwa na shemeji yake. Siku hizi anafuata dawa mbali, anapanda gari mbili, anapita zahanati nyingine njiani anaziacha, ili afike mahali ambapo hakuna anayemjua. Ukimkuta sokoni anakusalimia vizuri tu. Mimi ndiye nisiyeweza kununua ndizi zake. Nilijaribu. Alinichagulia mkungu mzuri, akaniongezea na parachichi, nikaenda nyuma ya stendi nikakaa juu ya jiwe.

Sasa nifike kwenye kikao, maana nimezunguka vya kutosha.

Tulikaa kwenye kile chumba cha chanjo. Mzee Anaeli mbele, Sista Witness na faili lake, daktari, wajumbe, mimi na wewe kwenye benchi moja. Mzee Anaeli akauliza, wala hakuuliza kwa ukali, "Mama Ndeshi, hebu tusaidie. Huu mfumo umekaa miaka bila tatizo. Nani ameugusa?"

Aliniita kwa jina lako. Na mimi nikakutaja wewe.

Nilisema, "Mtoto alikuwa amegusagusa kidogo."

Kila neno pale lilikuwa la kweli. Nimelipima mara nyingi sentensi hiyo, kama ninavyopima kila kitu, na kila nikiipima haina neno la uongo hata moja. Uligusa kweli. Nilichoacha ni kwamba ulichogusa kilikuwa kinaponya, na mimi ndiye niliyekirudisha kwenye ugonjwa. Kwa nini nilisema? Siyo kwamba nilipanga. Niliwaona wale wanaume wananitazama, nikamwona yule kijana wa "siyo kulaminetisha" amekaa kwenye nyuso zao zote, na nikajua nikisema ukweli watasema walijua tangu mwanzo kwamba mama wa steshenari hawezi. Wewe una cheti. Nikaona wewe utasamehewa, ndiyo kwanza umetoka chuo, bado ni mtoto. Nilipiga hesabu ya nani atapoteza kidogo, nikakuandika wewe upande wa hasara.

Ulikuwa unaweza kusema. Ulikuwa na lile tangazo kwenye simu, na tarehe zote. Ukaangalia viatu vyako. Nikashukuru Mungu kwamba nimekulea na heshima. Ndiyo, niliomba sala ya shukrani, palepale kwenye benchi. Nakuandikia hilo kwa sababu hulijui, na kwa sababu ndilo linalonifanya nisiweze kukutazama ukiwa unakula.

Tukateremka mpaka barabarani. Hapo ukaniuliza, "Mama, tununue mkate au kuna viazi?" Tukanunua mkate.

Baadaye zahanati ikatafuta mtu wa mfumo, kazi ya mshahara, karibu na nyumbani. Ukaomba. Mzee Anaeli akasema, "Huyu si ndiye aliyetuvuruga?" Basi, likaisha hapo. Nilikwambia kwamba waliogopa kuonekana wanapendelea. Hawakuogopa kupendelea. Waliamini nilichowaambia.

Ulipokwisha kukata tamaa nao, mimi nikaanza kazi. Nilikaa nikahesabu. Nilichoandika kwa mkono wangu ni mistari elfu saba na kidogo. Vipande vya watu nilivyokuwa nimebeba ni mia mbili na kumi na nne, na kumi na tisa kati ya hivyo vina matundu yaliyotangazwa wazi, yenye maelezo, mtu yeyote asome. Nilihesabu baada ya balaa. Mimi ninayejisifu kwa hesabu, hivyo sikuwahi kuvihesabu. Kisha nikafanya kile ulichoniomba siku ile. Nikaitoa hesabu ya saa ndani ya kile kipande, nikaiandika pembeni. Ndeshi, ni mistari kumi na moja. Nilimaliza kabla chai haijapoa, nikakaa naitazama. Miaka yote ile, na Mama Aikande, na wewe, kwa mistari kumi na moja.

Halafu nikasasisha vingine kimoja kimoja, najaribu, naendelea. Vingine viligoma. Kimoja kiliharibu risiti za dawa, nikakuta waliokiandika walikuwa wameshaeleza nini kitabadilika, kurasa mbili tu, wameandika kwa adabu kabisa. Watu wasionijua walikuwa wananiandikia miaka yote hiyo kunionya, na mimi nilikuwa sifungui. Zahanati zote saba nimezipitia kwa miguu yangu. Diski nyekundu nimeivunja kwa nyundo, ingawa kwa kweli diski haikuwa na kosa.

Sikuandikii haya ili nikufundishe kazi. Kazi unaijua kuliko mimi, ulinionyesha. Ila hili moja nimelipata kwa bei kubwa: kitu nilichokuwa nakilinda pale siyo zahanati. Nilikuwa nalinda siku ile Sista Witness aliponikumbatia. Ukifika mahali ukakuta unakataza watu wasiguse kitu, hebu jiulize ni nini hasa unachoogopa wakione. Mimi sikujiuliza. Na hofu hiyo huwa inakuja ikiwa imevaa nguo za uangalifu, kwa hiyo huijui mpaka iwe imeshakaa.

Jana nilikwenda kwa Sista Witness. Nilikwambia nakwenda kwa fundi cherehani. Nilimweleza kuanzia dirisha mpaka benchi. Hakunikatiza. Mwisho akaniuliza, "Kwa hiyo yule binti nimemnyima salamu mwaka mzima bure?"

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa ananiamkia shikamoo kanisani, nageuza uso."

Nikasema najua, nilikuwa nimesimama pembeni yake.

Kisha akasema, "Mimi nimekusikia, Mama Ndeshi. Lakini meseji sikutumiwa mimi." Nikamwambia ndiyo maana nimekuja, nataka kusema mbele ya wale wa Jumatano, kama watakubali kunisikia. Akasema atawauliza kwanza, na wakikataa nitabaki nje ya geti. Leo mchana amenipigia. Wamekubali. Wawili wamesema wao watatoka nje kwanza, hawataki kuniona, na ni haki yao. Mama Aikande amesema atakuja, ingawa siku hizi siyo wa pale tena. Mzee Anaeli nimemwalika mwenyewe. Atakaa nje ya mlango, kwa sababu ya siri zao, lakini dirisha litakuwa wazi asikie.

Utakuwa umeshafika Dodoma. Nimechagua hivyo kwa makusudi. Ungekuwepo ungenionea huruma, ungeinua mkono ukasema "na mimi nilikosea kutowauliza kwanza," nakujua. Sitaki unisaidie kubeba. Wala usinipigie siku hiyo kuuliza imekwendaje. Wakinitukana, nimetukanwa kwa halali yangu. Zahanati zikinichukulia kazi, nitarudi kulaminetisha, mashine bado ninayo.

Na kuhusu kupokea simu za wateja, sikukatazi. Ni kazi, na ni ya kwako. Ila usiichague kwa sababu yangu. Wakikuuliza huko kama uliwahi kuharibu mfumo wa watu, usiwaambie ile hadithi uliyomwambia mwenzako. Siyo yako.

Sina maneno ya kukuomba msamaha ambayo hayatakulazimisha unisamehe, kwa hiyo siombi. Nakuandikia tu nitakachokisema Jumatano, ili ukijue kabla yao, na ili nisije nikapunguza neno nikifika mbele yao:

"Mnanijua, naitwa Mama Ndeshi. Mlango walioingilia wezi, binti yangu aliuona akaufunga. Niliyeufungua tena ni mimi, mbele yake, akinisihi nisifungue. Kisha nikakaa kwenye benchi nikawaacha mfikiri ni yeye."

Mama yako.